Dawa ya Kupunguza Lehemu: Usiiache Kimya Kimya, Usiichanganye Kimya Kimya



Kwa miaka mingi huduma za afya za parokia zilihangaika zaidi na malaria, uzazi salama, kifua kikuu na Virusi vya UKIMWI. Kazi hiyo haijaisha. Lakini leo, kwenye mabenchi ya zahanati hizo hizo, wameketi pia watu wenye shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya moyo, na wale ambao kiharusi kimewaachia mkono au mguu usio na nguvu. Baadhi yao huondoka na kidonge kidogo wanachoambiwa wameze kila siku "kwa ajili ya mafuta kwenye damu". Wakifika nyumbani familia huuliza: ni cha nini, na ni mpaka lini? Mara nyingi mgonjwa hana jibu.

Makala hii inaeleza kidonge hicho kinafanya kazi gani na namna ya kukitumia kwa usalama. Tunaiandika kwa ajili ya kamati za parokia, kwa kuwa ninyi ndio mnaowatembelea wagonjwa majumbani, na kwa ajili ya wafadhili, kwa kuwa dawa hii hudai msaada wa namna tofauti na ule wa dawa ya siku tatu. Jambo kuu ni hili: kwa watu walio wengi dawa hii ni salama. Madhara mengi yanayoweza kuzuilika huja pale mgonjwa anapoiacha bila kumwambia mtu, au anapoichanganya na dawa nyingine bila kumwambia mtu.

LEHEMU NI NINI?

Lehemu, ambayo wengine huiita kolesteroli, ni aina ya mafuta ambayo mwili wenyewe huyahitaji. Hutumika kujenga kuta za seli na kutengeneza baadhi ya homoni. Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na ini. Inayobaki hutoka kwenye chakula. Ndiyo maana mtu mwembamba asiyekula nyama mara kwa mara anaweza naye kukutwa na lehemu nyingi. Si haki kumwambia mgonjwa kwamba amejitakia kwa ulafi.

Kwenye karatasi ya majibu ya maabara utaona herufi LDL na HDL. LDL ndiyo watu huiita lehemu mbaya. Ikizidi kwenye damu kwa miaka mingi, huingia kwenye kuta za mishipa na kujenga utando mgumu unaoifanya mishipa iwe myembamba. Siku moja utando huo unaweza kupasuka, damu ikaganda juu yake na mshipa ukaziba. Ukiziba kwenye moyo, ni shambulio la moyo. Ukiziba kwenye ubongo, ni kiharusi. Katika miaka yote hiyo ya kujengeka, mgonjwa haumwi popote. Jambo hili tulishike vizuri, maana ndilo chanzo cha matatizo mengi tutakayoyaeleza.

DAWA HIZI HUFANYAJE KAZI?

Dawa zinazoandikwa zaidi kwa ajili ya lehemu huitwa statini. Historia yake ilianzia Japani, ambako mwaka 1973 mwanasayansi Akira Endo na wenzake walipata kwenye ukungu kitu kinachozuia mwili kutengeneza lehemu. Statini ya kwanza iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1987. Zinazojulikana zaidi ni simvastatini, atorvastatini na rosuvastatini. Kwenye boksi majina haya huandikwa bila ile "i" ya mwisho.

Statini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu. Ini likipungukiwa, huanza kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Kwa dozi za kawaida, LDL hupungua kwa asilimia 30 hadi 50, na kwa dozi kubwa za atorvastatini au rosuvastatini hupungua zaidi ya hapo. Dawa pia husaidia utando ulioko ndani ya mishipa utulie, usipasuke kwa urahisi.

Je, faida yake imethibitishwa? Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 wa moyo. Nusu walipewa simvastatini, na nusu nyingine kidonge kisicho na dawa ndani. Baada ya miaka mitano na zaidi, waliofariki katika kundi lisilo na dawa walikuwa 256. Katika kundi la dawa walikuwa 182. Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliiweka simvastatini kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

NANI HUANDIKIWA DAWA HII?

Si kila mwenye lehemu iliyopanda kidogo huhitaji kidonge. Daktari hutazama hatari yote kwa pamoja: umri, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, figo, na kama kuna ndugu wa karibu aliyepata ugonjwa wa moyo akiwa bado kijana. Watu ambao mara nyingi huandikiwa ni hawa:

- aliyekwisha kupata shambulio la moyo, au kiharusi kilichotokana na mshipa kuziba;
- mwenye kisukari aliyevuka umri wa miaka 40;
- mwenye LDL ya juu sana, hasa kama tatizo hilo liko katika ukoo;
- mwenye sababu kadhaa za hatari kwa pamoja, hata kama kila moja peke yake inaonekana ndogo.

Kwa hiyo kidonge cha jirani si chako. Mama aliyepimwa lehemu kwenye banda la maonesho na kuambiwa "imepanda" asiende dukani kununua statini. Aende na karatasi yake kwa mtaalamu. Na anayeandikiwa dawa haruhusiwi kusahau mengine: kupunguza mafuta mazito ya kupikia na vyakula vya kukaanga, kula mboga na maharage kwa wingi, kutembea, kuacha sigara na kupunguza pombe. Dawa husaidiana na mambo hayo, haiyafuti.

NAMNA YA KUMEZA

1. Meza mara moja kwa siku, saa ile ile. Simvastatini humezwa jioni, kwa sababu mwili hutengeneza lehemu zaidi usiku na dawa hiyo haikai muda mrefu mwilini. Atorvastatini na rosuvastatini hukaa muda mrefu zaidi, hivyo saa yoyote inafaa, ilimradi iwe ile ile.

2. Anayefunga, iwe Kwaresima au Ramadhani, hana sababu ya kuiacha. Aimeze baada ya kufungua.

3. Ukisahau, meza unapokumbuka. Kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, acha ile iliyopita na uendelee kama kawaida. Usimeze viwili kwa pamoja ili kufidia.

4. Usiongeze wala kupunguza dozi mwenyewe. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza wagonjwa wapya wasianzishiwe simvastatini ya miligramu 80, kwa kuwa dozi hiyo ilionekana kuumiza misuli zaidi. Kidonge kikubwa si lazima kiwe bora.

5. Soma jina la dawa, usitazame rangi ya boksi. Dawa ile ile hutengenezwa na viwanda vingi, kila kimoja na boksi lake. Wapo wanaorudi kutoka hospitali na atorvastatini huku nyumbani wana simvastatini, wakadhani ni dawa mbili tofauti na kumeza zote. Ukiona majina mawili yanayoishia na "statin", uliza kabla ya kumeza.

6. Rudi kupima. Kipimo cha lehemu hurudiwa kati ya wiki 4 na 12 baada ya kuanza au kubadilisha dozi. Kipimo cha ini hufanyika kabla ya kuanza, na baadaye pale mtoa huduma anapoona kuna sababu.

KOSA LA KWANZA: KUIACHA KIMYA KIMYA

Mtu aliyepata nafuu ya malaria anajua kwamba amepona. Anayemeza statini hapati ishara hiyo. Hakuwa na maumivu alipoanza, na hana maumivu anapoacha. Akiacha, lehemu hurudi ilikokuwa ndani ya wiki chache, naye hasikii chochote. Kwa aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi, kuacha ni kurudisha hatari ambayo dawa ilikuwa imeipunguza.

Sababu za kuacha ni nyingi, na zote zina maana kwa mwenyewe. Wengine huona majibu ya maabara yamekuwa mazuri, wakadhani kazi imekwisha. Kumbe majibu ni mazuri kwa sababu wanameza. Wengine hukosa nauli au fedha ya dawa, wakaona aibu kusema. Wengine wameombewa na kuamini kwamba wamepona. Sala na dawa hazishindani: aliyeombewa aendelee kumeza, na uamuzi wa kusimamisha dawa ufanywe na aliyeiandika, baada ya vipimo.

Wapo pia wanaoacha kwa hofu ya madhara, hasa maumivu ya misuli. Hofu hii tusiidharau, lakini tuipe kipimo chake. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliowahusisha watu 60 ambao walikuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja alipewa, kwa miezi tofauti, statini, kidonge kisicho na dawa, au kutomeza kitu kabisa, bila kujua kidonge cha mwezi huo ni kipi. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya usumbufu walioupata, kama asilimia 90, walikuwa nao pia walipomeza kidonge kisicho na dawa. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila mara nyingi hayakuletwa na dawa yenyewe. Nusu ya washiriki waliweza kurudi kwenye dawa baadaye.

Hivyo mwenye maumivu asiteseke na asiache, aseme. Mtoa huduma anaweza kupima damu, kupunguza dozi, kubadilisha aina ya statini, au kusimamisha kwa muda na kuanza tena. Njia zipo kadhaa, na zote huanza na mgonjwa kufungua mdomo.

KOSA LA PILI: KUICHANGANYA KIMYA KIMYA

Mwezi Agosti 2001 statini moja iliyoitwa serivastatini iliondolewa sokoni na kiwanda chake. Nchini Marekani pekee kulikuwa na taarifa za vifo 31 vilivyotokana na misuli kuvunjika, na katika vifo 12 kati ya hivyo mgonjwa alikuwa akitumia pia dawa nyingine ya mafuta iitwayo gemfibrozili. Dawa hiyo haiko tena sokoni, lakini fundisho lake limebaki: statini ikikutana na dawa isiyopatana nayo, inaweza kujaa mwilini kuliko ilivyokusudiwa.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Simvastatini, na kwa kiasi fulani atorvastatini, huvunjwa na ini kwa kutumia njia ambayo dawa nyingine nyingi huitumia. Dawa nyingine ikiifunga njia hiyo, statini haitoki. Hulimbikizana na kuanza kuumiza misuli. Misuli ikivunjika kwa wingi, mabaki yake huenda kuziumiza figo. Hali hiyo ni nadra sana, lakini huweza kuua.

Dawa ambazo mtoa huduma lazima azijue kabla ya kukuandikia statini, au kabla ya kukuongezea dawa mpya, ni pamoja na hizi:

- Antibayotiki za klarithromisini na erithromisini. Hazitakiwi kutumika pamoja na simvastatini.
- Dawa za fangasi za kumeza, kama ketokonazoli, itrakonazoli na flukonazoli.
- Amlodipini, dawa ya shinikizo la damu inayotumiwa na watu wengi sana. Anayeitumia hapaswi kuzidisha miligramu 20 za simvastatini kwa siku. Diltiazemu na verapamili nazo zinataka tahadhari kubwa zaidi.
- Baadhi ya dawa za kufubaza VVU, hasa zenye ritonaviri ndani yake, kama lopinaviri au atazanaviri iliyounganishwa na ritonaviri. Simvastatini haitumiki kabisa pamoja nazo.
- Rifampisini ya kifua kikuu. Hii hufanya kinyume: huiondoa statini haraka mwilini, na mgonjwa akabaki bila kinga anayodhani anayo.
- Warfarini, ya kuzuia damu kuganda. Kipimo cha damu hurudiwa pale statini inapoanzishwa au kubadilishwa.
- Gemfibrozili tuliyokwisha kuitaja.

Kwenye matunda, balungi lina kitu kinachoifunga njia ile ile ya ini. Anayemeza simvastatini aliache kabisa; wa atorvastatini asile wala kunywa juisi yake kwa wingi. Machungwa matamu ya kawaida hayana tatizo hilo. Pombe nyingi, na hasa ile ya kienyeji isiyojulikana nguvu yake, huliongezea ini mzigo. Kuhusu mitishamba, nyingi hazijapimwa zikiwa pamoja na statini. Mgonjwa asifokewe kwa kuitumia, maana akifokewa ataficha. Aulizwe kwa upole, na jina la mti liandikwe kwenye kadi yake.

Tuchukue mfano. Baba wa miaka 62 ana shinikizo la damu. Anameza amlodipini asubuhi na simvastatini ya miligramu 20 jioni, na hali yake ni nzuri. Anapatwa na kikohozi, anakwenda duka la dawa na kueleza kikohozi peke yake. Anapewa klarithromisini. Muuzaji hakujua, na baba hakujua kwamba ilimpasa kusema. Siku chache baadaye mapaja na mabega yanauma, na mkojo una rangi ya chai ya rangi. Kumbe sentensi moja ingetosha: "Natumia pia dawa ya lehemu, hii hapa." Angepewa antibayotiki nyingine, au angeambiwa asimamishe statini kwa siku zile za antibayotiki na kuirudia baadaye.

KUHUSU SIRI

Mtu anaweza kuwa anachukua dawa za VVU kwenye kliniki moja na dawa za moyo kwenye hospitali nyingine, na asitake upande mmoja ujue habari za upande wa pili. Tunaelewa kwa nini. Lakini hapa siri inaweza kuumiza. Habari njema ni kwamba dolutegraviri, ambayo sasa ndiyo msingi wa dawa za mstari wa kwanza katika nchi zetu, haina mgongano mkubwa na statini. Mgongano mkubwa uko zaidi kwa walio kwenye mstari wa pili. Na hao nao hawanyimwi tiba ya lehemu: mtaalamu huchagua aina na dozi inayofaa. Tena mwaka 2023 utafiti mkubwa uliofanyika nchi kadhaa, zikiwemo za Afrika, ulionyesha kwamba statini iitwayo pitavastatini ilipunguza kwa asilimia 35 matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa watu wanaoishi na VVU.

Mwanakamati hana ruhusa ya kumuuliza mtu hali yake. Kazi yake ni kuwaambia watu wote, bila kumlenga yeyote: "Ukiingia chumba cha daktari, mwambie dawa zako zote, hata zile ambazo hutaki sisi tuzijue." Na watumishi wa zahanati wahakikishe mlango umefungwa kabla ya kuuliza.

DALILI ZA KWENDA KITUONI SIKU HIYO HIYO

- Misuli kuuma, kulegea au kukosa nguvu bila sababu, hasa ikiwa pamoja na homa au uchovu mkubwa.
- Mkojo kuwa na rangi nyeusi au ya kahawia.
- Macho au ngozi kuwa ya manjano, au maumivu makali ya tumbo upande wa kulia juu.
- Uso au midomo kuvimba, au kupumua kwa shida.

Mwenye dalili hizi asimeze dozi inayofuata kabla ya kuonwa, na abebe dawa zake zote.

Mwanamke anayetarajia kupata mimba, au aliyegundua kwamba ana mimba, amwone mtoa huduma mapema. Kwa wengi dawa husimamishwa katika kipindi hicho. Anayenyonyesha pia aseme kabla ya kuanza. Kwa wenye dalili za kisukari, statini inaweza kupandisha sukari kidogo, lakini kwa aliyeandikiwa kwa sababu sahihi faida huzidi hasara hiyo.

KUNUNUA NA KUTUNZA

Nunua kwenye famasi iliyosajiliwa, kwa cheti cha daktari. Nchini Tanzania msimamizi wa ubora wa dawa ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo kabla ya 2019 ilijulikana kama TFDA. Tazama jina, dozi, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usinunue vidonge vilivyotolewa kwenye karatasi yake na kufungwa kwenye kipande cha gazeti. Nyumbani dawa zikae mahali pakavu, mbali na jiko, jua na mikono ya watoto.

KAZI YA KAMATI YA PAROKIA

Kamati haiandiki dawa wala haibadilishi dozi. Lakini yapo mambo manne ambayo yenyewe inaweza kuyafanya vizuri kuliko hospitali ya mbali.

Kwanza, mfuko wa dawa. Kila mgonjwa wa muda mrefu awe na mfuko mmoja wa kitambaa wenye dawa zake zote: za hospitali, za dukani na za mitishamba. Aende nao kila anapotibiwa, hata kama anakwenda kwa ajili ya jino. Kuushona ni kazi ambayo jumuiya ndogo ndogo inaweza kuifanya kwa mchana mmoja.

Pili, kuuliza kwa heshima. Mazungumzo ya namna hii yanatosha:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu."
"Vile vidonge vyako vya jioni bado vipo?"
"Viliisha Jumapili iliyopita. Nasubiri mwanangu atume hela."
"Ahsante kwa kuniambia, mama. Kesho tukaongee na sista wa zahanati."

Hakuna lawama hapo, na ukweli umepatikana siku chache tu baada ya dawa kuisha.

Tatu, kalenda. Vidonge 30 huisha siku ya 30. Anayehesabu mapema huenda siku ya 23 na hapati pengo.

Nne, kumsaidia anayehudumia mgonjwa nyumbani. Mara nyingi huyo ni binti au mkwe ambaye hakuwepo daktari alipoeleza. Mwombeni aingie naye siku ya kliniki.

KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Kwa dawa hii tunawaomba mzingatie mambo matatu.

La kwanza ni mwendelezo. Statini huleta faida kwa miaka. Fedha inayotosha wagonjwa 100 kwa miezi mitatu, ikitumika kwa wagonjwa 25 kwa mwaka mzima, hufanya kazi iliyo karibu zaidi na kusudi la dawa yenyewe. Mradi unaokwisha ghafla huwaachisha dawa watu wote kwa siku moja, tena kimya kimya. Ahadi ndogo inayodumu, pamoja na mpango wa kukabidhi jukumu kwa bima au mfuko wa zahanati, ni bora kuliko ahadi kubwa ya msimu mmoja.

La pili, tafadhali msitume dawa zilizobaki makabatini. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, iliyotolewa mwaka 1996 na kurekebishwa baadaye, inasema wazi kwamba dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa na kurudishwa isitolewe kama msaada, na kwamba dawa inapofika nchini iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake. Boksi nusu la dozi kubwa, lenye maandishi ya lugha ambayo mhudumu haisomi, huleta ile ile hatari ya mchanganyiko tuliyoieleza. Fedha ya kununua dawa iliyosajiliwa hapa hapa husaidia zaidi.

La tatu, dawa pekee haitoshi. Bila kipimo cha lehemu, cha ini na cha sukari, mtoa huduma anaandika kwa kubahatisha. Vitendanishi vya maabara, nauli ya mgonjwa wa mbali, na siku chache za mafunzo kwa mtoa dawa wa zahanati havipigwi picha nzuri, lakini ndivyo vinavyofanya kidonge kiwe salama.

Kamati zinaombwa kuisoma makala hii kwa sauti kwenye mkutano ujao, kisha kuibandika sehemu ya dalili za hatari kwenye ubao wa matangazo. Msomaji ambaye yeye mwenyewe anameza dawa hii, asiiache leo kwa sababu ya jambo lolote alilolisoma hapa. Aweke dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, aende nazo kliniki siku yake ikifika, na aseme yote.